Msimu wa Patasi Zilizorudi

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nilipewa kliniki niandike saa za kunyonya. Kibonge sasa ana miezi mitano, ananyonya akitaka, hana saa wala ratiba, na kurasa zimebaki nyingi. Nitaandika mengine. Mvua imeanza leo, na imeanza bila adabu, nguo zote zikiwa kambani.

Niandike kwanza nilipo, ili nikisoma nikiwa bibi nisijiulize. Nimeolewa kwenye nyumba ya watu wanaofua vyombo vya maseremala: patasi, bobari za mdomo wa duara na visu vya randa. Misumeno hawatengenezi. Baba mkwe anasema msumeno ni chombo cha watu wenye haraka. Alianza babu yake kwa springi za malori mabovu, akafuata baba yake, akaja yeye. Chapa yao ni mwezi mchanga na nukta moja, na ni ile ile tangu babu.

Kabla sijaja hapa nilidhani kazi kubwa ni nyundo. Kumbe nyundo ni mwanzo tu. Chuma kikishapigwa umbo kinachomwa tena mpaka chekundu, kinazamishwa ghafla kwenye mafuta. Hapo kinakuwa kigumu kama kioo, na kama kioo kinavunjika. Kwa hiyo kinasuguliwa kiwe cheupe, kinalazwa juu ya bamba lenye moto wa polepole, kilegee kidogo. Kikipata joto, rangi inatambaa juu yake. Kwanza nyasi kavu, halafu asali, halafu ganda la kitunguu, halafu zambarau, mwisho buluu. Patasi zetu zinatolewa kwenye asali. Ukitoa mapema, makali yatameguka. Ukichelewa, yatapinda. Kati ya mapema na kuchelewa ni muda wa mtu kupiga chafya.

Mtu anayeangalia na kusema "toa" ndiye wanasema ameshika rangi. Tangu mwezi uliopita ni mume wangu. Nyundo wanapokezana, lakini baba mkwe amebaki na moto na mafuta, maana magoti yake hayataki tena kukaa kwenye kile kigoda.

Mimi ndiye mwisho. Nasugua rangi yote itoke kwa majivu na mafuta, chombo kibaki cheupe, natia mpini, nafunga kwa karatasi. Mafundi wengine huiacha rangi pale pale. Nilimuuliza baba mkwe kwa nini sisi tunaifuta.

"Mkwe wangu," akasema, "wewe hutoka nyumbani na povu la sabuni masikioni?"

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Patasi sita. Kibonge kanyonya, kalala, kaamka, kanyonya.

Jumamosi, 9 Machi

Leo amekuja mzee mmoja seremala na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Kukifungua ni patasi yetu, imenolewa na kunolewa mpaka imebaki urefu wa kidole gumba. Chapa ilikuwa imefutika nusu, mwezi umebaki pembe moja. Kaitumia tangu ujana wake, na aliirithi kwa mwajiri wake.

"Nataka nyingine," akasema, "lakini iwe hii hii."

Baba mkwe aliishika kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Akaipitisha ukuchani, ikakwangua ukucha unga mweupe bila kuteleza. Akacheka peke yake.

Nikauliza, "Baba, unajuaje ni ya nani?"

"Hii ni ya baba yangu. Angalia mgongo wake. Babu alikuwa anaacha mgongo mnene, alikuwa mtu wa wasiwasi. Baba alikuwa anauteremsha taratibu hivi."

Nikaangalia. Sikuona kitu. Nikaangalia tena, nikaona. Sasa nikifunga patasi nazigeuza zote mgongo. Za baba mkwe zinateremka, kisha karibu na shingo zinainuka kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Alhamisi, 14 Machi

Nimechoka na giza la chumba cha rangi.

Nieleze. Karakana yetu ni vyumba viwili. Moto una chumba chake na rangi ina chumba chake, kwa sababu wekundu wa makaa unadanganya macho. Chumba cha rangi kina dirisha moja kubwa. Mume wangu anakaa mbele yake na lile bamba, mimi niko nyuma yake na majivu yangu, Kibonge yuko kwenye sanduku la mipini nililomtandikia blanketi. Zamani mvua ikija baba mkwe alikuwa anaacha dirisha wazi, analowa bega, anaendelea. Lakini mvua ya mwaka huu inaingia mpaka kwenye sanduku, na Kibonge ana mafua. Juzi nikalifunga. Mume wangu akalifungua. Nikalifunga.

"Sasa nitaona nini?" akauliza.

"Na mwanao akohoe nini?"

Dirisha likabaki limefungwa. Leo nimejikata kidole gumba nikisugua, kwa sababu sioni. Nikamwambia, kwa sauti ile ambayo mwenyewe anaijua, kwamba naomba mwanga humu ndani, sijali utatoka wapi.

Jumamosi, 16 Machi

Mwanga umepatikana! Kuna baraza ya duka inabomolewa, na mwenyewe amempa mume wangu lile bati la plastiki linalopitisha jua. Lina umri, lakini halina tundu. Ameng'oa bati moja la chuma paani, akaliweka hilo. Chumba kizima kimekuwa kama saa kumi na moja jioni siku isiyo na mawingu, hata mvua ikinyesha. Kibonge kalitazama weee, akacheka.

Nimempikia mume wangu anachokipenda. Hakuuliza kwa nini, na mimi sikusema.

Ijumaa, 22 Machi

Patasi tisa leo. Chuo cha useremala kinataka arobaini.

Jumatano, 27 Machi

Arobaini zimetimia na zimeondoka. Amezipeleka wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ndiye miguu na mdomo wa karakana hii. Anajua kila seremala, mke wa kila seremala, na ugomvi wao. Kabla hajaondoka akachomoa moja kwenye karatasi, akaigeuza.

"Nyeupe hivi, mtu anaweza kunyolea ndevu."

"Nyoa zako," nikamwambia.

Tukacheka sana. Mimi na wifi tukicheka, siku hiyo nyumba ni nyepesi.

Jumanne, 2 Aprili

Patasi imerudi.

Aliyeirudisha ni seremala tunayemwita Mrefu, kwa sababu mlango wetu anauingia kwa kuinama. Hakugomba. Afadhali angegomba. Ameiweka mezani akasema, "Mzee, labda mimi ndiye nimeigonga vibaya." Makali yalikuwa na mapengo mawili.

Baba mkwe hakubisha wala hakuuliza aligonga mbao gani. Akaenda nayo kwenye fuawe, akaifunika gunia, akaivunja kwa pigo moja. Kumbe ndivyo wanavyofanya: kikirudi chombo kilichomeguka, kwanza kinavunjwa kiangaliwe ndani. Nilikuwa mlangoni nimenyoosha shingo. Akaniita.

"Njoo uone, wewe mwenye maswali."

Ndani ya chuma kulikuwa laini, kijivu, kama unga uliochekechwa mara mbili.

"Moto ungezidi, ungeona chembe kama chumvi ya mawe. Huu ni unga. Moto ulikuwa sawa."

Moto ni wake. Kama moto uko sawa, basi kilichoharibika ni rangi, na rangi ni ya mume wangu. Hakuna aliyelisema. Mume wangu aliendelea kufagia mahali palipokuwa pasafi.

Mrefu amepewa nyingine. Hiyo nayo imetoka kwenye bamba lile lile, na mkono ule ule.

Jumatano, 3 Aprili

Nimemuuliza wifi kwa nini watu wamenuna kiasi hiki kwa patasi moja. Akanivuta nyuma ya tangi la maji, ndiyo akanisimulia.

Kuna sheria ya babu. Vyombo vikirudi mara tatu kwa kosa la rangi, aliyeshika rangi anakaa pembeni msimu mzima. Anakaa kwenye benchi, anaangalia wenzake, hasemi kitu. Kaka yao mkubwa alikalishwa hivyo miaka saba iliyopita. Alikaa siku nne. Siku ya tano akapanda lori la mtu, na mpaka leo anaendesha malori ya watu. Anapiga simu siku za misiba.

"Na sheria hiyo haina huruma?" nikauliza.

"Wifi, ile ni sheria ya chuma."

Nilikuwa namwona baba mkwe mtu wa mizaha. Leo nimemtazama akinywa chai, nikawaza: mtu huyu alimpoteza mtoto kwa ajili ya patasi tatu.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua. Sikuandika jana wala juzi. Kibonge ameanza kula, yaani ameanza kupaka.

Jumatatu, 8 Aprili

Ya pili. Mwalimu wa chuo kaja nayo mwenyewe, amelowa mpaka kiunoni. Makali kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Gunia, pigo, unga ule ule. Baba mkwe akachukua tupa, akaipitisha kwenye kipande kilichovunjika. Tupa ikateleza kama kwenye sahani.

"Ngumu mno," akasema. "Imetolewa mapema."

"Nimeitoa kwenye asali, baba." Ilikuwa mara ya kwanza mume wangu kujitetea.

"Asali gani?"

"Asali, baba. Ile ile uliyonionyesha."

"Basi umesahau nilichokuonyesha."

Wifi naye, mdomo wake haujui msiba: "Labda alikuwa anaangalia mke badala ya chuma."

"Na wewe labda ulipita nazo kwenye maji," nikamwambia, "maana siku hiyo ulirudi na matope mpaka kwenye kope." Hakucheka mtu. Mimi nilikuwa sitanii.

Lakini nimebaki na swali. Mume wangu ninamjua. Ni mtu anayejua Kibonge atalia kabla Kibonge hajajua. Macho yake yameharibikaje ndani ya mwezi mmoja? Nimemshikia uzi mweusi na uzi wa buluu, akazitenganisha. Nimemsomesha maandishi ya mfuko wa saruji kutoka ng'ambo ya barabara, akasoma mpaka uzito.

"Unanipima?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Nimefaulu?"

"Umefaulu. Ndiyo maana nina wasiwasi."

Alhamisi, 11 Aprili

Ya tatu imekuja saa nne asubuhi. Ni Mrefu tena, na ile aliyobadilishiwa.

Baba mkwe safari hii hakuivunja. Aliigeuza mara mbili, akaiweka chini, akamwambia mume wangu bila kuinua sauti, "Mwanangu, kaa pembeni."

Mume wangu alikuwa ameshatoa patasi tano asubuhi hiyo, ziko mezani zinangoja kusuguliwa. Akavua aproni, akaikunja vizuri kama shati la kwendea kanisani au msikitini, akaiweka juu ya kigoda. Akakaa kwenye benchi.

Mchana ameniambia kwamba mwenye karakana ya mageti upande wa pili wa mji anatafuta mtu wa kuchomelea, na kuna chumba cha kulala huko huko. Ataenda kuongea naye Jumatatu.

"Chumba cha watu wangapi?"

"Cha mmoja."

Nimekunja nepi kumi na mbili. Nilipomaliza nimezikunjua, nikazikunja tena.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo nimeogopa kuliko siku ya kujifungua.

Asubuhi nilikwenda chumba cha rangi kusugua zile tano. Hapakuwa na mtu, bamba lilikuwa baridi. Nikamlaza Kibonge kwenye sanduku lake, nikamfungua nepi, kazi ambayo kila siku naifanyia chumbani kwetu, akanirushia mikono yote miwili. Viganja vya manjano. Nikamwangalia usoni. Weupe wa macho ulikuwa manjano kama kiini cha yai. Sikumaliza kumfunga. Nilimfunika kanga, nikatoka mbio, mvua hiyo, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope la kona na sikurudi kukichukua.

Muuguzi wa kliniki ni mwanamke mnene, mtaratibu. Alimchukua akaenda naye dirishani. Akafunua jicho moja, la pili, akaminya ncha ya pua, akageuza nyayo.

"Nani amekwambia ana manjano?"

"Nimeona mwenyewe."

"Mama, macho ya huyu ni meupe kama sahani mpya. Wewe ndiye mgonjwa. Ulilala lini?"

Nikaangalia. Kweli, meupe. Nikaona aibu, nikacheka, nikalia kidogo, akanipa karatasi ya kufutia. Nikarudi nyumbani na kiatu kimoja.

Nikaingia chumba cha rangi kumalizia kazi. Nikamlaza kwenye sanduku. Manjano.

Nilishamnyanyua nirudi kliniki, ndipo nikaona mkono wangu mwenyewe uliomshika. Nao ni wa manjano. Karatasi za kufungia, ambazo najua ni nyeupe, manjano. Nikatoka naye nje barazani: mweupe macho. Nikaingia: manjano. Nikatoka. Nikaingia. Wifi alikuwa anapita na ndoo, akasimama.

"Wifi, mtoto si mkeka wa kuanikwa."

Nilikuwa nimeinua macho, naangalia lile bati la plastiki. Huwezi kujua lina rangi ukilitazama mara moja, maana kila kitu chini yake kinakubaliana nalo. Jua la miaka limelipika huko barazani, limekuwa kama chai nyepesi.

Nikachukua patasi moja kati ya zile tano, ambayo sijaisugua. Chini ya bati ilikuwa asali, asali safi kabisa, hata mimi ningesema toa. Nikaenda nayo mlangoni, nikainyoosha nje kwenye mwanga wa mvua.

Haikuwa asali. Haikuwa hata nyasi kavu. Ilikuwa na kivuli cha rangi tu, kama maji yaliyosuuza kikombe.

Nikakaa kizingitini, Kibonge akaanza kutafuta ziwa. Mume wangu hakukosea macho. Kwa mwezi mzima alikuwa anaona asali ambayo haijafika. Na hakuna aliyegundua kwa sababu kila patasi iliyotoka kwenye bamba niliipokea mimi, humu humu ndani, nikaisugua ikawa nyeupe. Ingetoka nje na rangi yake, baba mkwe angeiona tangu siku ya kwanza. Ni mimi niliyekuwa naifuta.

Na dirisha nililifunga mimi. Na mwanga niliuomba mimi, kwa sauti ile.

Sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe: niliwaza kunyamaza. Ningeweza kumwambia mume wangu alibomoe bati kimyakimya, tungoje msimu ujao. Lakini msimu ujao angekuwa kwenye chumba cha mtu mmoja. Nikisema, nyumba nzima itajua mapengo yale yalitoka kwenye mdomo wangu. Nilifikiri kwa muda wa ziwa moja. Kibonge alipohamia la pili nilikuwa nimeshaamua. Baba mkwe leo yuko kwa watu wa makaa, hatarudi mapema. Kesho asubuhi, kabla ya chai.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimesema kabla ya chai. Nimesimama mbele yao wote, nimeishika ile patasi kama mtu anayeuza, nikasema, "Rangi haikuharibiwa na mtu. Imeharibiwa na bati. Na bati niliomba mimi."

Wote wakaigeukia patasi. Hata wifi.

Baba mkwe akainuka. "Bati?"

"Bati, baba. Linatia manjano. Njoo uone."

"Mkwe wangu, mimi nimeangalia rangi miaka arobaini. Nimeangalia kwenye mvua, kwenye vumbi, nimeangalia siku jua lilipopatwa. Bati haliwezi kumdanganya mtu anayejua asali."

"Basi kaa wewe, baba."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ni uchovu. Mtu akichoka sana haogopi vizuri.

Akakaa. Magoti yake yalilia mpaka tukasikia. Mume wangu akawasha moto chini ya bamba, akalaza patasi mpya iliyokwisha suguliwa. Tukasimama nyuma ya mzee kama watu wanaopigwa picha. Alikuwa anaegemea mbele, mdomo wazi kidogo, macho hayapepesi. Sikuwahi kumwona akiifanya kazi hii. Uso wake ulikuwa wa kijana.

"Toa," akasema.

Mume wangu akatoa kwa koleo. Akamtazama mkewe, yaani mimi. Kisha akasema taratibu, "Baba, hata mimi ningetoa hapo hapo."

Mzee akaichukua ile koleo mwenyewe, patasi ikiwa bado ya moto, akaenda nayo mlangoni, akatoka nayo mpaka uani, kwenye manyunyu. Tulisikia matone yakilia yalipogusa chuma. Akabaki hapo akiangalia. Akaingia ndani, akaangalia. Akatoka tena. Wifi alifungua mdomo aseme lile la mkeka, nikamkanyaga mguu.

Alipomaliza alikaa kizingitini, pale pale nilipokaa jana.

"Nani aliyekuambia utoke nayo nje kabla ya kuisugua?"

"Hakuna, baba. Nilianza na mtoto."

Nikamsimulia habari ya Kibonge na kliniki, na kiatu. Akasikiliza mpaka mwisho. Aliposikia muuguzi kasema mgonjwa ni mimi, mabega yakamtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu kweli ikawa kama analia, basi tukaangalia pembeni.

Mume wangu akaenda kuchukua ngazi. Bati limeshuka kabla chai haijapoa.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilidhani yamekwisha. Asubuhi mume wangu alichukua aproni yake. Baba mkwe akasema, "Iache."

"Baba, si tumeona..."

"Tumeona. Sheria inasema aliyeshika rangi vyombo vikirudi mara tatu anakaa pembeni. Haisemi kwa sababu gani. Kaka yako hakupewa sababu, na wewe hutapewa."

Nilitaka kusema kitu ambacho mkwe hasemi. Mzee akainua mkono.

"Sijamaliza. Na mimi juzi nilikaa hapo, nikasema toa mahali pa kukosea. Ningekuwa peke yangu, zingerudi kumi. Kwa hiyo na mimi nakaa."

"Nani atashika rangi?" wifi akauliza. "Mimi sijui hata ya kucha zangu."

Baba mkwe akaenda kukaa kwenye benchi karibu na mwanawe, wakalingana magoti. Mume wangu hakwenda kwenye mageti.

Jumamosi, 20 Aprili

Juma zima limekwenda kwenye kuzikusanya. Baba mkwe amesema patasi zote za msimu huu zirudi, za walioteta na wasioteta. Chuma kigumu mno bado kinaweza kulegezwa, mradi hakijavunjika. Hakumtuma wifi peke yake. Amekwenda naye, kwa magoti yale, kwenye matope yale, mlango kwa mlango. Wifi anasema kila mahali alisema maneno yale yale: "Kosa ni letu, tunaomba chombo majuma mawili." Hakutaja bati. Hakunitaja mimi.

Seremala mmoja amekataa katakata. Anasema yake ni kali kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na wakimgusa ataita watu. Baba mkwe alimkalisha chini akamweleza unga, chumvi, asali, mpaka chai ya mtu ikaisha. Jamaa akaitoa chini ya godoro.

Hamsini na tatu. Zimelala mezani bila mipini kama samaki. Nimezigeuza mgongo moja moja. Sasa naona na wa mume wangu: zake hazinyanyuki shingoni. Zinateremka mpaka mwisho.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua imepungua. Dirisha liko wazi. Kibonge amehamia kwa wifi mchana, wanaelewana kwa kelele.

Jumatatu, 29 Aprili

Leo asubuhi baba mkwe ameniita chumba cha rangi. Walikuwa wote wawili kwenye benchi, mzee na mwanawe. Bamba limewashwa. Kigoda kilikuwa kitupu, na juu yake aproni.

"Kaa," akasema.

"Mimi, baba?"

"Kuna mwingine? Wenye macho ya kutegemewa humu ndani tumebaki na mmoja. Sheria inazuia macho yetu, haizuii mikono. Sisi tutashika koleo. Wewe utasema."

"Baba, nikikosea?"

"Zikirudi tatu, benchi lina nafasi."

Nikavaa aproni, ikanizunguka mara mbili. Nikakaa mbele ya dirisha. Mume wangu akalaza patasi ya kwanza, imesuguliwa nyeupe, ya chuo. Ilikaa muda mrefu bila kufanya lolote, kama mtoto anayekataa kula. Kisha shingoni pakaingia kitu, si rangi bado, ni fununu ya rangi. Nyasi kavu. Ikaanza kutambaa kuelekea kwenye makali.

Nyuma yangu mzee akakohoa. Najua kikohozi cha mtu anayetaka kusema.

"Bado," nikasema.

Benchi likalia. Mume wangu alikuwa amesimama na koleo, mkono umekaza. Nyasi ikaiva. Nikainama kama nilivyomwona mzee akiinama, nikasahau mgongo unaouma, nikasahau maziwa yanayojaa. Sikujua kama chuma kinaweza kuwa kizuri hivi. Kwenye ukingo kabisa rangi ilikuwa inajikusanya.

"Mama Kibonge," baba mkwe akasema taratibu.

"Bado, baba."

Wote wawili, miaka arobaini ya mmoja na miezi miwili ya mwingine, wananingoja.

Ikafika.

"Toa," nikasema, na aliyeinuka kuitoa alikuwa mzee mwenyewe.